Goti Linauma? Tazama Kiti cha Baiskeli Yako

(Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya kwa wanafunzi wa sekondari wanaokwenda shule kwa baiskeli. Tumeyaweka karibu kama yalivyosemwa, na mwisho yapo maswali.)

 

Leo sikuja kuzungumzia UKIMWI wala malaria. Naona wengine mmeshushа pumzi! Leo tunazungumza habari za goti. Ndiyo, goti lako wewe.

Hebu wote mnaokuja shule kwa baiskeli mnyooshe mikono. Na wewe unayesoma ukurasa huu, nyosha wako, hakuna anayekuona. Sasa, kama goti limewahi kukuuma ukiwa njiani, au usiku baada ya kufika nyumbani, usiushushe mkono. Mnaona? Mikono bado iko juu mingi. Na mara nyingi ukilalamika unaambiwa nini? "Wewe mvivu." Au, "Mtoto mdogo ana goti gani la kuuma?" Basi unanyamaza, unapaka dawa ya kuchua, kesho unapanda tena.

Mimi naomba leo tufanye jambo moja. Kabla hatujalilaumu goti, tuitazame baiskeli.

KWANZA, HESABU KIDOGO

Chukua baiskeli ya kawaida, ile ya chuma isiyo na gia za kubadilisha. Weka alama chini, zungusha pedali mzunguko mmoja kamili, kisha pima imesogea kiasi gani. Nyingi zitasogea kama mita 5. Sasa, kama shule iko kilomita 8 kutoka nyumbani, hiyo ni mita 8,000. Gawanya kwa 5. Unapata mizunguko 1,600. Kwenda na kurudi ni 3,200. Kwa siku tano za shule ni 16,000.

Maana yake, kila wiki kila goti lako linakunjwa na kukunjuliwa mara 16,000. Kama linakunjwa vizuri, hakuna shida, na miguu inapata nguvu. Kama linakunjwa vibaya, kosa dogo linarudiwa mara 16,000. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

GOTI LINAFANYAJE KAZI?

Shika goti lako. Kile kimfupa cha mviringo kwa mbele kinaitwa pia ya goti. Kimeshikwa na kano imara, juu kimeungana na misuli ya paja, chini kimeungana na mfupa wa muundi. Unapokunja na kukunjua mguu, pia inateleza juu ya mfupa wa paja. Isisagike, kwa sababu mifupa hiyo imefunikwa na gegedu, kitu laini na telezi. Umeiona kwenye mfupa wa kuku.

Sasa fanya jaribio. Ukifika nyumbani, kaa kwenye kigoda cha jikoni, kile kifupi kabisa, halafu inuka bila kujishika popote. Kisha kaa kwenye kiti cha kawaida, uinuke tena. Wapi umetumia nguvu zaidi? Kwenye kigoda, bila shaka. Goti likiwa limekunjwa sana halafu ukalisukuma kwa nguvu, pia inakandamizwa zaidi kwenye mfupa na kano zinavutwa zaidi.

Kiti cha baiskeli kikiwa chini sana, wewe unainuka kutoka kwenye kigoda mara 16,000 kwa wiki. Utashangaa goti likiuma?

Jambo hili si la baiskeli peke yake. Wanaopanda farasi wanalijua tangu zamani. Wao huweka miguu kwenye rikabu, vile vikuku vya chuma vinavyoning'inia pande zote mbili za tandiko. Mkanda wa rikabu ukiwa mfupi mno, goti linakunjwa sana na safari ndefu inakuwa mateso kwa magoti na nyonga. Ukiwa mrefu mno, mpandaji anakosa pa kukanyaga na anayumba. Utasema, mbona kwenye mbio za farasi za TV tunawaona wamekunja magoti karibu yafike kifuani? Kweli, lakini mbio zile ni za dakika chache, na wao ni watu wa mazoezi. Anayekwenda safari ndefu hurefusha mkanda. Na kuna kipimo rahisi wanachokitumia: unagusa kwa ncha za vidole pale mkanda unapoanzia kwenye tandiko, unanyoosha mkono, na rikabu ifike kwapani. Yaani kipimo ni mwili wako mwenyewe, si wa jirani. Kwenye baiskeli ni hivyo hivyo.

KWA NINI TUNAKAA CHINI SANA?

Ziko sababu tatu.

Ya kwanza, woga. Wengi tumejifunza kwamba ukikaa kwenye kiti lazima miguu yote miwili ikanyage chini. Ni sawa kwa anayejifunza siku ya kwanza. Kwa safari ya kilomita 8 si sawa. Ukisimama, unatakiwa ushuke mbele ya kiti na kukanyaga chini kwa mguu mmoja, huku baiskeli umeilaza kidogo. Jizoeze uwanjani pasipo na magari. Saa moja inatosha.

Ya pili, baiskeli ni ya nyumba nzima. Asubuhi ni yako, jioni ni ya baba, Jumamosi kaka anaendea mashineni. Kila mtu ana miguu yake, lakini kiti kimekaa pale pale tangu baiskeli iliponunuliwa.

Ya tatu, na hii ndiyo wengi hamjaifikiria: umekua! Katika miaka ya kubalehe kijana anaweza kurefuka hata sentimita 8 kwa mwaka mmoja, wengine zaidi, na miguu nayo inarefuka. Sketi imekuwa fupi, mama ameona. Suruali imepanda juu ya kifundo, wenzako wamecheka. Lakini kiti cha baiskeli cha kidato cha kwanza ndicho unachokalia kidato cha tatu. Hakuna aliyekicheka, isipokuwa goti, nalo halicheki, linauma.

JIPIME HIVI

Mtafute rafiki mmoja na spana. Vaa viatu unavyovaa kwenda shule.

1. Simama pembeni ya baiskeli. Kiti kiwe karibu na usawa wa nyonga yako. Hapo ni pa kuanzia tu.

2. Egemea ukuta au rafiki ashike baiskeli. Panda, kaa katikati ya kiti, usijipinde. Zungusha pedali mpaka moja iwe chini kabisa. Weka kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke, bila kuinamisha nyonga upande mmoja.

3. Sasa ondoa kisigino, weka ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole. Hapo ndipo pa kukanyagia siku zote, si katikati ya unyayo. Goti litakunjika kidogo tu. Hicho ndicho kipimo chako.

4. Endesha kidogo huku rafiki akikutazama kwa nyuma. Kama nyonga zinapanda na kushuka, kushoto, kulia, kiti kiko juu mno. Kishushe kidogo.

5. Kaza nati vizuri. Jaribu kukizungusha kiti kwa mikono, kisicheze. Bomba la kiti mara nyingi lina mstari wa mwisho, usiupite. Kama hakuna mstari, hakikisha angalau sentimita 7 za bomba zimebaki ndani ya fremu. Bomba likichomoka au kuvunjika utaanguka vibaya.

Kama kiti kilikuwa chini sana, usikipandishe chote siku moja. Panda sentimita moja au mbili, endesha siku chache, kisha panda tena. Mwili unahitaji kuzoea.

GOTI LINAUMA WAPI?

Likiuma mbele, karibu na pia, mara nyingi kiti kiko chini sana au kimesogezwa mbele sana. Likiuma nyuma, kwenye mkunjo, mara nyingi kiti kiko juu sana au kimerudi nyuma mno, unalazimika kujivuta. Likiuma upande wa ndani au wa nje, tazama mguu wako: je, unakanyaga huku vidole vimegeukia nje kama bata? Tazama na pedali: je, imepinda baada ya kuanguka? Pedali iliyopinda inalisokota goti kila mzunguko. Mpelekee fundi baiskeli.

Halafu kuna mambo mengine yanayoliongezea goti kazi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha. Mnyororo mkavu wenye kutu. Matone machache ya oili yanausaidia sana. Na mzigo! Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Ukiweka mawili nyuma, ni kilo 40, karibu uzito wa mwanafunzi mwenzako. Kwenye mlima ukiwa na mzigo, shuka usukume. Kushuka si aibu. Baiskeli isiyo na gia kwenye mlima mkali inataka nguvu nyingi mno kutoka kwa goti, na wewe unalihitaji goti hilo kwa miaka mingine mingi.

KWA NINI NINASHUGHULIKA NA JAMBO DOGO HIVI?

Kwa sababu si dogo. Goti likiuma kila siku, mtu hutafuta njia nyingine ya kufika shule. Tuone ni zipi.

Kutembea? Kilomita 8 ni kama saa moja na nusu hadi mbili. Unafika umechoka, vipindi vya kwanza vimepita, na mwalimu wa zamu anakungojea getini.

Kupanga chumba karibu na shule, lile geto? Wengi mnajua maisha ya geto. Mnapika wenyewe, hakuna mzazi, na kila mwenye nia yake anajua mlango ulipo.

Lifti ya pikipiki? Siku ya kwanza ni bure. Ya pili ni bure. Mwezi ukiisha, mwenye pikipiki anaanza kuhesabu, na hataki kulipwa kwa shilingi. Dada zangu, mnanielewa. Na ninyi kaka msicheke, maana huyo anayedaiwa anaweza kuwa dada yako wa tumbo moja.

Basi tazama: spana moja na dakika kumi zinaweza kumwezesha mtu aendelee kulala kwao, afike shule kwa wakati, na asiwe na deni kwa mtu yeyote. Ndiyo maana nashughulika na kiti.

UTAMWAMBIAJE BABA?

Usibadilishe kiti kimya kimya, baba akapanda jioni akakuta hawezi kukaa. Mwambie mapema, kwa heshima: "Shikamoo baba. Naomba ruhusa niwe napandisha kiti asubuhi nikienda shule, goti linaniuma. Nikirudi nitakishusha mahali pako." Kisha weka alama mbili kwenye bomba la kiti kwa rangi, hata rangi ya kucha inafaa. Ya baba moja, yako moja. Ukirudi, rudisha. Mzazi akiona unarudisha kila siku, hatakukataza.

LINI UENDE KITUO CHA AFYA?

Sikiliza vizuri hapa, maana si kila goti linaponywa na spana. Nenda ukapimwe ikiwa:

- goti limevimba, limekuwa jekundu au la moto, hasa ukiwa na homa;
- ulianguka na huwezi kukanyagia mguu huo;
- goti linakwama, halikunjuki, au linakulegea ghafla;
- maumivu yanakuamsha usiku, au hayapungui baada ya wiki mbili za kupumzika na kurekebisha kiti;
- unachechemea. Wakati mwingine ugonjwa uko kwenye nyonga lakini maumivu yanasikika gotini. Mwambie mganga apime na nyonga pia.

Mwenye selimundu akipata maumivu makali ya mifupa au viungo asingoje. Aende hospitali mapema.

Kwa maumivu ya kawaida, pumzika siku mbili tatu. Baada ya safari, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 10 hadi 15. Usiweke barafu juu ya ngozi moja kwa moja. Na tafadhali, usizoee kununua vidonge vya maumivu dukani kila siku. Baadhi ya dawa hizo zikitumika ovyo zinaumiza tumbo na figo. Aspirini haifai kwa walio chini ya miaka 16 bila ushauri wa daktari. Halafu, dawa inanyamazisha goti tu. Kiti kikiwa bado chini, kesho unaanza upya.

MASWALI YENU

Chini ya goti langu kuna kinundu kinachouma nikiruka au nikipanda baiskeli. Nina miaka 13. Ni ugonjwa gani?

Inawezekana sana ni maumivu ya kukua. Pale kano ya goti inaposhikana na mfupa wa muundi, mfupa wa kijana bado haujakomaa, na kano ikivuta sana panauma na kuvimba. Hutokea zaidi kwa wanaocheza mpira na kukimbia. Mara nyingi huisha mfupa ukikomaa. Punguza kuruka, pandisha kiti kifikie kipimo chako, na mwone mganga athibitishe.

Mimi ni mfupi, baiskeli ni kubwa ya baba. Hata kiti kikiwa chini kabisa sifiki. Nifanyeje?

Hapo baiskeli ndiyo haikufai, si wewe usiyefaa. Usipitishe mguu chini ya chuma cha juu ukaendesha umejipinda. Kiuno na goti vyote vinaumia, na kusimama ghafla ni vigumu. Jaribuni kubadilishana na ndugu au jirani mwenye baiskeli ndogo, au mwambie fundi atafute fremu ndogo au iliyoinama katikati. Wakati unangoja, panda nyuma ya mwenzako mnayeaminiana, na mbadilishane kubeba mabegi.

Nikiendesha muda mrefu napata ganzi sehemu za siri. Nitakuwa na matatizo baadaye?

Ganzi inatokea kwa sababu kiti kinabana neva na mishipa ya damu. Kwa kawaida inaisha ukishuka, lakini ni onyo. Tazama pua ya kiti: kama imeelekea juu, ilaze iwe sambamba na ardhi. Kiti kilichochakaa kikabaki chuma, kitafutie kingine. Simama kidogo juu ya pedali kila baada ya dakika chache. Ganzi isipoisha, nenda kituo cha afya. Hili ni kwa wavulana na wasichana.

Bibi anasema msichana akipanda baiskeli anapoteza bikira. Ni kweli?

Si kweli. Bikira ni mtu ambaye hajafanya ngono, na baiskeli si mtu. Ile ngozi ya ukeni hutofautiana kwa kila msichana, na inaweza kutanuka kwa mambo mengi ya kawaida, kwa hiyo haiwezi kutumika kumpima mtu. Mweleze bibi kwa upole. Kwa sketi, vaa kaptura ndani, uendeshe kwa raha zako.

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni, kabla ya giza, mchukue rafiki yako na spana mkapimane. Wewe umshikie baiskeli, naye akushikie. Halafu mtafuteni yule mwenzenu aliyeanza kutembea au kupanda pikipiki tangu muhula uliopita. Muulizeni taratibu kama ni goti. Kama ndivyo, mpimeni na yeye.

 Safari njema.